Seva ya Msimbo Mbeya: Tulivyochagua Mashine kwa Kuangalia Itakavyoharibika

Timu yetu ni ya watu wachache. Tunatengeneza mifumo ya kupokelea mazao kwa vyama vya ushirika vya huku kwetu: kahawa ya Mbozi, parachichi na chai ya Rungwe, mpunga wa Kyela na Mbarali. Msimbo wote tunautunza kwa Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, na kwa muda mrefu hifadhi zetu, yaani msimbo wa kila mradi pamoja na historia yake, zilikaa kwenye huduma ya mtandaoni iliyo nje ya nchi. Hatukuwa na malalamiko. Tulianza kukuna vichwa Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja, maeneo ya Soweto hapa Mbeya, tunapeana kazi kwa flashi kama watu wa miaka ya nyuma, kwa sababu msimbo wa mtu aliye meza ya pili ulitakiwa kwanza kuvuka bahari ndipo unifikie mimi.

Ikaamuliwa tuwe na seva yetu, ikae hapahapa ofisini, na huduma ya nje ibaki ya akiba. Bosi akanigeukia: "Dada, wewe ndiye unayeelewana na vyuma. Tafuta mashine isiyotusumbua."

Kila niliyemuuliza alinijibu kwa habari za nguvu. Prosesa ya kizazi gani, RAM kiasi gani, kasi gani. Lakini kazi yenyewe ni nyepesi mno. Programu kama Gitea inaendesha hifadhi za timu ndogo hata kwenye Raspberry Pi, kikompyuta kinachoenea kiganjani. GitLab, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ndiyo yenye tamaa, inataka RAM ya gigabaiti 8 na zaidi ili ipumue, na sisi hatukuhitaji vitu vyake vingi. Hifadhi zetu zote, pamoja na historia yake tangu siku ya kwanza, zinaenea kwenye flashi ya kawaida. Kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita ingetosha kwa nguvu. Kwa hiyo nikaacha kuuliza mashine inaweza nini, nikaanza kuuliza itakufaje: kitu gani kitaharibika, tutajuaje kwamba kimeharibika, na je, spea yake tutaipata Mbeya, au kwa parseli ya basi inayopakiwa Dar leo na kufika kesho? Maswali hayo ndiyo yaliyopunguza orodha.

La kwanza kuondoka lilikuwa wazo la laptopu kuukuu. Watu wengi hufanya hivyo na siwacheki, laptopu inakuja na betri yake ndani, umeme ukikatika haina habari. Tatizo ni diski moja tu mara nyingi, memori ya kawaida, na betri inayoachwa kwenye chaja usiku na mchana hadi inavimba na kuinua kibodi. Ya pili kuondoka ni zile seva za rafu zinazotoka Ulaya, pana na fupi kama masanduku ya nguo. Bei zake zinavutia na zimejengwa vizuri kweli, lakini feni zake zinapiga kelele ambazo huwezi kukaa nazo chumba kimoja, na zinakula umeme. Mashine inayokula wati 180 saa zote inamaliza yuniti 130 hivi kwa mwezi. Inayokula wati 60 inamaliza 43. Anayenunua LUKU hapo ofisini ni mhasibu wetu, na huyo hashawishiki kwa hoja za kitaalamu.

Mashine mpya yenye waranti nayo tuliipigia hesabu. Sina ubaya na waranti, ila inafaa kwa kadiri aliyeitoa alivyo karibu. Tulipouliza, pawa saplai ikifa ingebidi mashine yote isafirishwe Dar, ikaguliwe, ndipo spea iagizwe nje. Kwa hiyo ni waranti nzuri kwa mtu anayeishi Dar. Kama wakala angekuwa na spea hapa Mbeya, ningeichukua bila maneno mengi.

Tukaishia kwenye kompyuta za kazi nzito za mtumba, zile ambazo wahandisi na wachoraji wa Ulaya walizitumia kisha kampuni zao zikazibadilisha. Yetu ni HP Z440, toleo la mwaka 2014. Sababu kubwa ni moja: inapokea memori ya ECC, ile inayojirekebisha, tena aina ya "registered" ambayo sokoni ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa kuwa haiingii kwenye kompyuta za kawaida na wauzaji hawajui waiuze kwa nani. Memori hizi hutolewa kwa wingi kwenye seva zilizostaafu. Mnunuzi awe macho tu, maana pini zinafanana kwa macho lakini memori ya kawaida haitawaka humo, na hiyo haitawaka kwenye kompyuta ya nyumbani.

Hapa kwenye memori nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo palipozuka ubishi mkubwa. Mwenzetu mmoja aliniambia ECC ni mambo ya benki. Git yenyewe si inajilinda? Na kweli inajilinda. Kila faili na kila badiliko hupewa alama inayokokotolewa kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-1 kutokana na yaliyomo, hivyo biti moja ikigeuka baada ya alama kuwekwa, Git italalamika ukifanya ukaguzi. Lakini kulalamika si kutibu. Itakwambia kitu fulani kimeharibika na kukuacha ukitafute kwa wenzako. Tena kuna lililo baya zaidi: biti ikigeuka kabla alama haijakokotolewa, Git itaweka alama sahihi juu ya kitu kibovu na kuapa kwamba ni kizima. Kazi inayotoka kwenye laptopu ya mtu inafika seva ikiwa na alama tayari. Lakini unapounganisha matawi, yaani kazi zilizoendelezwa kila moja pembeni yake, kwa kubofya kwenye ukurasa wa Gitea, muunganiko unatengenezwa kwenye seva yenyewe, ndani ya memori ya seva. Na hifadhidata yenye majadiliano, ruhusa na orodha ya matatizo haina alama yoyote ya Git.

Na makosa ya memori si hadithi za kutishana. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kuangalia seva za Google kwa zaidi ya miaka miwili, wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya memori vinapata kosa angalau moja kwa mwaka. Memori ya kawaida ikikosea inanyamaza. Ya ECC inarekebisha kosa la biti moja na kuliandika kwenye kumbukumbu za mfumo, ukiona kipande kilekile kinatajwatajwa unajua cha kuchomoa. Kwangu huko kuandika ndiko kunakolipiwa zaidi. Mashine ikishindwa kwa sauti naweza kuishughulikia.

Diski zilikuwa na vituko vyake. Kuna duka moja mjini walinionyesha diski ya terabaiti kadhaa, bado iko kwenye nailoni, "mpya kabisa, dada, ndiyo imeshuka sasa hivi". Huwa natembea na laptopu na waya wa kuunganishia diski. Nikaomba niijaribu, kijana akakubali kwa moyo mweupe. Nikaandika smartctl -a, amri inayosoma taarifa za diski, ukurasa ukajaa, nikashuka hadi kwenye mstari wa Power_On_Hours, saa ambazo diski imekaa ikiwaka. Ulisomeka saa elfu thelathini na moja na kitu. Mwaka una saa 8,760. Diski hiyo mpya ilikuwa imezunguka zaidi ya miaka mitatu na nusu mfululizo mahali fulani kabla ya kuvishwa nailoni.

Nikamgeuzia kioo. Kijana akatazama, akamtazama mwenye duka, akarudi kwangu: "Dada, hiyo programu yako inasomaga vibaya."

"Basi tujaribu nyingine," nikamwambia. Ya pili ilisoma vilevile, imepishana na ya kwanza kwa saa chache tu. Bila shaka zilitolewa kwenye seva moja. Mwenye duka akacheka, akapunguza bei papo hapo bila kuulizwa. Sikununua, ingawa tulibaki marafiki na nyaya bado nachukua kwake. Mtumba haunisumbui, mashine yetu yenyewe ni mtumba. Nataka tu mtumba unaokiri kuwa mtumba. Na msomaji ajue kwamba saa hizo zinaweza kufutwa na mtu mwenye ujanja, kwa hiyo diski ikisoma sifuri usishangilie bado. Angalia pia alama za bisibisi kwenye matundu ya skrubu na mikwaruzo kwenye meno ya dhahabu ya soketi.

Tulichonunua ni SSD mbili, diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani, za daraja la seva, Intel DC S3500, zilizotumika na muuzaji akasema zimetumika. Kipimo chake cha uchakavu huanzia 100 na kushuka taratibu. Zetu zilikuwa bado juu ya tisini. Kilichonivutia ni kwamba ndani yake zina kapasita zinazohifadhi umeme kidogo, wa kutosha kumalizia kuandika kilichokuwa mkononi umeme ukikatika ghafla. SSD nyingi za bei poa hazina kitu hicho. Hujibu "nimeshaandika" wakati data bado ipo njiani.

Mahali umeme unapokuja na kuondoka unavyotaka, hilo lina uzito kuliko kasi. Nilifanya jaribio nyumbani, si ofisini, nikiwa na SSD ya kawaida kwenye kompyuta ya zamani. Laptopu niliiandikia kijiprogramu kinachopandisha mabadiliko madogo madogo mfululizo, na kila seva inapojibu kwamba imepokea, namba inaandikwa upande wa laptopu. Halafu katikati ya shughuli nachomoa waya ukutani. Nikiiwasha tena naendesha git fsck, amri ya ukaguzi ya Git, na kulinganisha na namba ya mwisho. Kioo kilinijibu kwa maneno ambayo aliyewahi kuyaona hayasahau: "object file is empty". Faili lipo, jina lake lote la herufi arobaini lipo, ndani baiti sifuri. Seva ilikuwa imeshasema imepokea.

Diski haikuwa na lawama peke yake. Kazi ndogo inapopandishwa, yenye vitu visivyofika 100, Git ya upande wa seva huvifungua na kuviweka kimoja kimoja kama faili huru badala ya furushi, na kwa mpangilio wake wa kawaida hailazimishi faili huru hizo zifike chini kabisa kwenye diski kabla ya kujibu. Tangu toleo la 2.36, la mwaka 2022, kuna mpangilio unaoitwa core.fsync. Ukiuweka all, kila kitu kinasukumwa hadi chini kwanza, jibu baadaye. Kupandisha kunakuwa kuzito kidogo kwenye diski ya kawaida. Kwenye zile zenye kapasita hakuna aliyegundua tofauti. Nikarudia jaribio kwa SSD za Intel na mpangilio mpya, na kila kilichokiriwa kupokelewa nilikikuta. Pamoja na hilo niliwasha receive.fsckObjects, ili seva ikague kila kinachoingia na kukataa kibovu mlangoni.

SSD mbili zinaandika kitu kilekile, moja kioo cha nyenzake. Kadi ya RAID, kifaa kinachosimamia diski kadhaa kama moja, tuliikataa, ingawa muuzaji alitaka kutupa moja kwa bei ya kutupa. Kadi hizo hupanga data kwa namna yake, na ikifa unahitaji kadi ya jamii hiyohiyo ili usome diski zako. Nani anayo Mbeya? Tukatumia ZFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, ambayo ni programu tu. Mashine ikiungua leo, nachomoa diski zote mbili, nachomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux na ZFS, kazi inaendelea. Tena ZFS ina alama zake za ukaguzi kwa kila kipande, ikikuta upande mmoja umeharibika inachukua kizima kutoka upande wa pili na kurekebisha. Kila mwezi inapitishwa ukaguzi wa diski nzima usiku.

Baada ya hapo nikaenda kwenye umeme, nikaona afadhali nimwite mtu anayejua. Tuna fundi mmoja mtu mzima, amefunga umeme nyumba nyingi Forest na Sinde.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, huo umeme wenu unaumwa nini?"

Nikamweleza kwamba nataka kuweka mashine isiyozimwa. Hakuuliza ni mashine gani. Alitoa mita, akachomeka ncha moja kwenye tundu la nyutro na nyingine kwenye tundu la juu, lile la ethi. Inatakiwa mita isome volti moja au mbili hivi, au isisome kitu. Ilipanda hadi arobaini na ushee na kuchezacheza hapo. Akachomoa, akafungua soketi, akaufuata waya wa kijani na njano hadi kwenye boksi, kutoka boksi hadi ukutani, kutoka ukutani hadi nje, na hapo nje waya ukawa umekatwa na kukunjwa nyuma ya bomba la mvua. Haukuwa umeshikana na kitu.

"Mwanangu, haya matundu matatu, moja ni la mapambo."

Alichimba karibu na linapomwagika bomba la mvua, kwa kuwa udongo wa pale haukauki upesi, akapigilia fimbo ya shaba, akashindilia mkaa na chumvi pembeni yake. Akaniambia kiangazi, kuanzia Julai kwenda mbele, niwe namwagia maji mara mojamoja. Mita ikarudi chini. Kazi hiyo iligharimu kidogo kuliko kitu kingine chochote katika mradi mzima, na bila hiyo vifaa vya kuzuia radi ambavyo watu hununua kwa bei vingekuwa pambo tu. Kifaa kinazuia kwa kuumwagia ardhini umeme uliozidi. Ethi ikiwa haipo, unamwagikia wapi?

Radi nayo ni habari ndefu huku. Ukiitaja, watu wanaanza kukutania na Sumbawanga, lakini kati ya Novemba na Aprili wenye vifaa vya mtandao hawacheki. Jirani zetu walikuwa wamevuta waya wa mtandao kutoka jengo moja hadi jingine ukining'inia hewani. Radi ilipopiga karibu haikupitia kwenye umeme kabisa, ilipitia kwenye waya huo, ikaua swichi ya kila upande na tundu la mtandao la kompyuta iliyokuwa imechomekwa. UPS yao, kifaa chenye betri ya kushikilia umeme ukikatika, ilikuwa nzima, inawaka taa ya kijani. Ndiyo maana kati ya majengo mawili natumia mtandao usio na waya, au faiba, kwa vile kioo hakipitishi umeme. Waya wa shaba unabaki ndani ya jengo moja.

UPS tuliyochukua ni ya kawaida yenye stabilaiza ndani, maana umeme mdogo wa jioni, watu wote wakiwa wanapika, unasumbua kuliko ule unaokatika kabisa. Ina betri moja ya volti 12, amperi-saa 7, aina ileile inayotumika kwenye kengele za ulinzi na mageti, kwa hiyo inapatikana Mwanjelwa. Hilo niliangalia kabla ya chapa. Kwa mashine yetu inashikilia nusu saa hivi betri ikiwa mpya. Nusu saa haitoshi kufanyia kazi lakini inatosha sana kuzima kwa adabu: UPS imeunganishwa na seva kwa waya wa USB, programu ya NUT inasikiliza, chaji ikishuka inazima huduma, inafunga diski, inazima mashine. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, tumeweka iwake yenyewe umeme ukirudi. Wikiendi moja LUKU iliisha usiku na hakuna aliyekuwa na taarifa. Jumatatu tulikuta seva imejizima na haina jeraha lolote, inangoja yuniti.

Hali ya hewa ya Mbeya inasaidia kwenye betri. Betri za asidi hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzijoto kumi zinazoongezeka juu ya kiwango chake, ndiyo maana rafiki zangu wa Dar wanabadilisha mapema na sisi tunadunda. Upande mwingine, tuko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na haibebi joto vizuri. Watengenezaji wengi wa seva huandika kwamba ukipita mita 900 na ushee, punguza nyuzi moja ya joto linaloruhusiwa kwa kila mita 300. Kwa Mbeya ni nyuzi mbili tatu tu, na chumba chetu hakikaribii huko. Adui halisi wa feni ni vumbi la kuanzia Agosti. Tumeiweka juu ya meza, si sakafuni, na inapulizwa kila baada ya miezi michache.

Kuhusu spea: HP Z440 ina kasoro moja inayojulikana, pawa saplai yake si ya umbo la kawaida, huwezi kwenda dukani ukanunua yoyote ukapachika. Jibu letu lilikuwa kununua mashine mbili zinazofanana. Bei ya zote mbili haikufika nusu ya ile mpya tuliyokadiriwa. Bosi alishtuka kidogo kusikia mbili, nikamwonyesha kwamba ya pili ni sanduku la spea linalowaka: pawa saplai, mazabodi, feni, memori, vyote vimo na vinapimika. Na isikae bure, ikapewa kazi ya bakapu na kupelekwa Iringa kwa mwenzetu anayefanyia kazi kule, mbali na radi ya kwetu, mbali na wezi wa kwetu. Parseli kutoka Iringa inafika siku hiyohiyo.

Kuna watakaosema bakapu ya Git ya nini, si kila mtu ana nakala kamili kwenye laptopu yake? Ya msimbo ndiyo, kwa matawi aliyowahi kuyashusha. Mwaka 2017, tarehe 31 Januari, mhandisi wa GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva isiyokusudiwa, na kampuni yenyewe ikaeleza hadharani kwamba njia tano za bakapu walizokuwa nazo hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Hifadhi za Git zilikuwa salama. Kilichopotea ni kama saa sita za maoni, matatizo yaliyoripotiwa, akaunti mpya, yaani kila ambacho hakiko ndani ya Git.

Tukio lililonifunza zaidi ni la KDE, mradi wa programu huria za kompyuta, Machi 2013. Seva yao kuu iliwashwa upya baada ya matengenezo, mfumo wa faili ukawa umeharibika, na zile seva nyingine zilizokuwa zikiiga kila kitu kutoka kwake zikaendelea kuiga kwa uaminifu mkubwa, uharibifu na yote. Hifadhi zipatazo 1,500 zilikaribia kupotea. Zilipona kwa sababu mashine moja tu ilikuwa na nakala iliyochukuliwa kabla ya mambo kuharibika. Kwa hiyo mashine ya Iringa haiigi tu. Inavuta picha za ZFS, yaani nakala za data ilivyokuwa wakati huo, za kila usiku na kuzitunza kwa wiki kadhaa, na ni yenyewe inayovuta. Seva ya Mbeya haina ruhusa ya kufuta chochote kule. Ipo pia diski ya nje inayofungwa kwa nywila na kwenda nyumbani kwa mhasibu.

Kisha tukamwita mwanafunzi aliyekuwa akifanya fildi kwetu, tukampa karatasi ya maelekezo, kompyuta tupu na diski ile, tukamwambia ajifanye seva imeibwa. Asiulize mtu. Alikwenda vizuri hadi alipotakiwa kuifungua diski. Nywila alikuwa nayo bosi, na bosi alikuwa Chunya, sehemu ambayo simu haishiki. Akakaa akinywa chai hadi jioni. Sasa nywila iko pia kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya kasiki ya ofisi.

Seva inadunda. Vijana wamezoea, na sasa wanataka majaribio ya programu yawe yanaendeshwa humohumo kila mtu anapopandisha kazi, kwa kuwa wanaona prosesa imekaa bila kazi. Nimewakatalia. Kuna kompyuta ya i7 kuukuu kwenye kona, haina ECC, haina UPS, feni yake inalia. Nimewaambia wafunge majaribio yao huko. Ikifa, itakufa na majaribio.